Je, wajua kwa nini mgodi wa Kilembe ulifungwa na shaba ikiwa bado mlimani?

Ukipanda boda Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, ukashika njia ya milimani, kilomita kama 10 zinakufikisha Kilembe. Ni bonde jembamba la mto Nyamwamba chini ya Rwenzori. Nyumba za kampuni zimejipanga safu kwa safu kwenye miteremko, na katikati yake imesimama mitambo mikubwa iliyoshika kutu. Siku hizi wageni wengi hupita hapo na mabegi mgongoni wakienda kupanda mlima. Wakiuliza mji huu ulikuwa wa nini, huambiwa ulikuwa wa shaba. Wakiuliza kwa nini mgodi ulikufa, jibu huwa fupi: shaba iliisha.

Jibu hilo linaingia akilini upesi, na ndiyo maana limedumu. Lakini haliendani na hesabu.

Kuanzia 1956 hadi uchimbaji uliposimama mwaka 1982, Kilembe ilitoa zaidi ya tani milioni 16 za mwamba uliokuwa na shaba chini kidogo ya asilimia 2. Makadirio yanayotajwa mara nyingi zaidi ni kwamba ndani ya mlima zilibaki tani milioni 4 na ushee za mwamba wa aina hiyohiyo, wenye kiwango cha shaba kisichotofautiana sana na kile kilichochimbwa. Hiyo ni kama robo ya kazi yote iliyokwisha kufanyika. Tahadhari moja: hesabu hiyo ina mizizi katika vipimo vya zamani, kwa hiyo ichukuliwe kama kipimo cha mkono, si cha mizani. Hata ukiipunguza nusu, bado huwezi kusema shaba iliisha.

Kosa lenyewe limejificha katika jinsi tunavyoufikiria mgodi. Tunadhani madini yapo au hayapo. Mhandisi wa migodi haangalii hivyo. Kwake, tani moja ya mwamba wenye kilo 20 za shaba ni mali pale tu ambapo kilo 20 hizo zinauzwa kwa bei inayozidi gharama ya kuzitoa, kuzisafisha na kuzifikisha sokoni. Bei ikishuka, mwamba uleule unageuka jiwe, na hakuna hata chembe iliyohama. Mlima unaweza kuingia kwenye daftari la utajiri Jumatatu na kutoka Ijumaa.

Na hapa lazima niwakatishe tamaa kidogo wanaovuka kwenda upande wa pili na kusema Kilembe imekalia utajiri wa kuijenga Uganda yote. Tani milioni 4 za mwamba wenye shaba karibu asilimia 2 ni tani zisizofika 80,000 za shaba halisi. Mgodi wa Escondida nchini Chile hutoa kiasi hicho kwa muda wa mwezi hivi. Shaba ya Kilembe ipo, inatosha kuupa mji kazi, lakini kwa dunia ni punje.

Kuna jibu la pili linalotolewa na wanaojiona wanajua zaidi: Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vikafa. Hilo ni kweli kwa mengi yaliyotokea Jinja na Kampala. Kwa Kilembe halikai vizuri. Mgodi haukuwa wa Waasia. Wenye hisa kubwa walikuwa Wakanada, kampuni ya Falconbridge, na uchimbaji uliendelea baada ya 1972. Serikali iliuchukua katikati ya miaka ya 1970, na hata hapo haukufa siku hiyo. Utawala wa Amin umo katika kisa hiki, ila si kwa njia ya amri moja iliyozima taa.

Ili kuona kilichotokea, inabidi kwanza kujibu swali ambalo ndilo tamu zaidi katika habari hii yote. Shaba ilichimbwa Kilembe, karibu na mpaka wa Kongo. Tanuri la kuiyeyusha lilijengwa Jinja, zaidi ya kilomita 400 upande wa mashariki. Nani alipanga hivyo, na kwa nini?

Anza na uzito. Katika tani 100 za mwamba wa Kilembe, tani 98 ni jiwe tupu. Hakuna anayelipia nauli ya jiwe. Kwa hiyo mwamba ulisagwa palepale bondeni mpaka ukawa unga, kisha ukatiwa kwenye matangi ya maji yenye dawa na kupulizwa hewa kutoka chini. Fikiria unaosha sufuria iliyokaangiwa samaki. Maji peke yake hayafanyi kitu. Mafuta hayapatani na maji. Ukitia sabuni na kusugua, mafuta yanapanda na povu, na ukilimwaga povu, mafuta yamekwenda nalo. Chembe za madini ya shaba kwa asili yake zingelowa na kuzama kama mchanga mwingine. Dawa inazivika ngozi nyembamba yenye tabia ya mafuta. Zikishavikwa, zinayakimbia maji, na kimbilio lililo karibu ni kiputo cha hewa. Zinaking'ang'ania kiputo, kinapanda nazo, zinakusanyika juu kwenye povu na kukombwa. Jiwe, ambalo dawa hailishiki, linabaki chini. Tofauti na sufuria yako, hapa povu ndilo linalotunzwa.

Kinachopatikana ni makinikia, yaleyale yaliyotikisa siasa za Tanzania mwaka 2017. Kwa kawaida makinikia ya shaba huwa na shaba asilimia 20 hadi 30. Yaani mzigo wa tani 100 umebaki tani 8 hivi, na sasa nauli inalipika.

Lakini makinikia bado si shaba safi. Humo ndani shaba imefungamana na salfa na chuma cha kawaida, na kuivunja ndoa hiyo kunataka joto linalozidi nyuzi 1,100. Makaa ya mawe Uganda haina. Umeme ilikuwa nao, ila mahali pamoja: bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954 na Malkia Elizabeth. Kilembe ilijengewa kituo chake kidogo cha umeme kwenye mto Mubuku, chenye megawati 5, na hicho kilikuwa na kazi ya kuhudumia mgodi wenyewe. Owen Falls ilipangiwa megawati 150, na miaka ile ya mwanzo ilikuwa inahangaika kupata wateja, hata ikauzia Kenya umeme. Tanuri la umeme ndilo mteja ambaye kila mwenye bwawa anamwota.

Sehemu ya mwisho inaonekana ukifungua ramani. Shaba ya Uganda ilikuwa lazima iende Mombasa kupanda meli. Jinja iko njiani. Mzigo uliteremka, ukayeyushwa, ukapanda treni tena ukiwa shaba ghafi na kuendelea na safari ileile. Kilichoonekana mzunguko kilikuwa kituo tu. Na treni ndiyo iliyoamua tarehe: dalili za shaba Kilembe zilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mlima ulisubiri karibu miaka 50, mpaka reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Mwaka huohuo mgodi ukaanza. Katika miaka ya 1960 shaba ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizoiletea Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba.

Bonde likajaa watu. Wakonzo walikuwa wenyeji, na wengine wakaja kutoka pande nyingi za Uganda na nje yake. Penye watu wa lugha nyingi na kazi ya hatari, Kiswahili hakikosi nafasi, na Kasese mpaka leo unakisikia, hasa kwa jinsi soko la Mpondwe linavyowaunganisha na Wakongo. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Maji ya kampuni, taa za kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Ulikuwa mji usio na baba mwingine.

Sasa tazama mnyororo huu ulivyokatika. Mwaka 1974 bei ya shaba London ilipanda sana katika miezi ya mwanzo, kisha ikaanguka kwa zaidi ya nusu kabla ya mwaka kwisha, wakati bei ya mafuta ilikuwa imepaa. Vipuri vya kinu, baruti, dawa za povu, vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni, na Uganda ya Amin ilizidi kuishiwa nazo. Wataalamu waliondoka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa moja kutoka Kasese hadi Mombasa likagawanywa. Kisha vita vya 1978 na 1979. Kati ya hayo, lipi lililoua? Nionavyo mimi, reli na vipuri viliumiza kuliko bei. Bei ilipanda tena baadaye, na migodi mingine Afrika ilivumilia mteremko uleule. Ila kuthibitisha hilo kungetaka vitabu vya hesabu vya kampuni, si ramani na tarehe.

Mgodi wa chini ya ardhi haukubali likizo. Maji yanaingia usiku na mchana, na usipoyasukuma nje yanameza ngazi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kampuni ya Kilembe Mines haikutoweka baada ya 1982. Ilibaki ikilinda mashimo, ikiuza umeme wa Mubuku kwenye gridi na kupangisha nyumba zake.

Kioja kilikuwa Kasese mjini. Mwamba wa Kilembe una metali nyingine pia, kobalti, na enzi za uchimbaji haikupatikana njia nzuri ya kuitoa, basi ikarundikwa pamoja na madini ya chuma na salfa. Lundo lilifika tani milioni 1 hivi. Mvua ikinyesha, lilitoa tindikali iliyoteremka kuelekea Ziwa George na kuacha mapara ya udongo mtupu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kulilisha lundo hilo kwa bakteria. Vijidudu hivi hupata nguvu zao kwa kuvunja chuma na salfa, na kobalti inayeyukia kwenye maji. Walikula kwa miaka zaidi ya kumi, lundo likaisha, kazi ikaisha. Ukitaka madini ya Kilembe yaliyoisha kwelikweli, ni hayo.

Mto Nyamwamba nao una hesabu yake. Mabaki ya kinu yaliachwa kandokando yake, na mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyasomba pamoja na nyumba, madaraja na majengo ya hospitali ya mgodi.

Mwaka 2013 serikali iliikabidhi kampuni ya Tibet Hima mgodi huu kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 ikauvunja. Yeyote atakayeufufua ana hesabu ya kufanya. Treni za Kasese zilikoma kabla ya karne kugeuka na tanuri la Jinja lilizimika zamani. Akitaka kufikia uzalishaji wa miaka ile mizuri, tani kama 16,000 za shaba kwa mwaka, atakuwa na makinikia tani 64,000 ya kusafirisha kwa barabara. Kwa lori la tani 30, hayo ni malori sita kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kutoka Kasese hadi Mombasa.