Je, wajua kwa nini lenzi ya Zenit huona mbali kwenye Sony, lakini kwenye Nikon ya DSLR haivuki mita tatu?

Helios 44-2 ni lenzi ya milimita 58 iliyotengenezwa enzi za Muungano wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit. Haina mota, haina waya, haina hata kipande kimoja cha umeme. Ukiifunga kwenye Sony ya leo isiyo na kioo cha kuakisi ndani, itapiga picha kali ya mlima ulio kilomita kumi na ya mtoto aliyekaa mbele yako. Ukiifunga kwenye Nikon ya DSLR, yaani ya dijitali yenye kioo hicho, kwa adapta (pete ya kuunganishia) ya kawaida, mtoto atatoka vizuri, lakini mlima utabaki ukungu hata ukizungusha pete ya fokasi mpaka igote. Lenzi ni ile ile, na vioo vyake ni vile vile.

Jibu fupi ni kina. Kila kamera ya kubadilisha lenzi ina umbali maalumu kutoka kwenye uso wa chuma ambapo lenzi hukaa hadi kwenye filamu au sensa, na lenzi huundwa kwa kuufuata umbali huo. Zenit ya hesi za M42, yaani mzingo wa kukazia wenye upana wa milimita 42, ina kina cha milimita 45.46. Nikon F, ile ya DSLR, ina 46.5. Sony E, ile isiyo na kioo, ina 18.

Maelezo utakayoyasikia mara nyingi ni mengine kabisa. Utaambiwa kwamba kampuni hubuni mdomo wa kamera, yaani mahali lenzi inapofungwa, wa kipekee ili mteja asihame, kwamba Nikon imeufunga wake kuliko wenzake, na kwamba adapta ni ufunguo bandia wa kufuli hilo. Si uongo mtupu: midomo hutofautiana kweli, na biashara ni biashara. Ila umbo la mdomo ndilo tatizo dogo kuliko yote. Fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kutengeneza pete yenye hesi za M42 upande mmoja na meno ya Nikon upande wa pili. Itaingia, itakaza, haitacheza. Na mlima utabaki ukungu.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika historia ya Zenit yenyewe. Zenit ya kwanza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilizaliwa kutokana na Zorki, kamera ndogo iliyofuata muundo wa Leica. Waliingiza kioo cha kuakisi ndani ya bodi, wakauacha mdomo na hesi zake za milimita 39. Lakini kioo kilihitaji nafasi ya kuinuka, kwa hiyo kina kikaongezeka kutoka 28.8 hadi takriban 45.2. Matokeo yake ni familia mbili za lenzi zinazoingia kila moja kwenye kamera ya mwenzake bila adapta yoyote, na hazifanyi kazi. Lenzi ya Zorki ya milimita 50 ukiikaza kwenye Zenit hiyo, inakuwa milimita 16 na ushei mbele ya mahali pake. Haioni kitu isipokuwa kilicho sentimita ishirini hivi kutoka puani pake. Lenzi ya Zenit ukiipeleka kwenye Zorki, haifokasi popote. Mdomo mmoja, hesi moja, na bado hakuna picha. Hata leo anayenunua lenzi ya Industar-50 yenye hesi za 39 inambidi aulize ni ipi, kwa sababu ilitengenezwa ya aina zote mbili.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1975 Pentax waliachana na hesi za M42 wakaleta mdomo mpya wa K, wa kuchomeka na kuzungusha. Umbo lilibadilika kabisa, lakini kina walikiacha pale pale, 45.46. Kwa hiyo lenzi zote za hesi za zamani ziliendelea kufanya kazi kwenye bodi mpya, zikihitaji pete nyembamba tu inayozama ndani ya mdomo. Mdomo tofauti, kina kimoja, picha safi hadi upeo wa macho.

(Bado kuna mtego wa tatu, wa T2, aina nyingine ya hesi: upana ni milimita 42 kama M42, ila hesi zake zimebanana zaidi. Huanza kuingia vizuri, kisha hukwama katikati. Usilazimishe.)

Sasa, kwa nini kina kiwe na nguvu hivyo? Jaribio la kulionyesha hili linataka miwani ya kusomea ya +2 na chumba chenye dirisha moja. Simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha, uishike miwani sentimita 50 kutoka ukutani. Mti wa nje utajichora ukutani, kichwa chini miguu juu, ukiwa na rangi zake. Haitakuwa picha ya kupendeza, lakini utautambua. Usiku ukiingia, zima taa uwashe mshumaa mita 2 mbele ya miwani. Ukiacha miwani pale pale, mwali ni doa tu. Rudisha ukuta nyuma, yaani isogeze miwani na mshumaa wake pamoja mbali na ukuta, mpaka nafasi ifike sentimita 67, na mwali unakaa sawasawa. Mshumaa ukiwa mita 1 kutoka kwenye miwani, ukuta nao unatakiwa uwe mita 1. Kitu kinavyokuja karibu, picha yake huangukia mbali zaidi nyuma ya lenzi.

Sasa chukulia kwamba ukuta umefungwa sentimita 67 na hauwezi kuukaribia zaidi. Mshumaa wa mita 2 utauona. Wa karibu zaidi pia utaupata kwa kurudi nyuma. Mti umekupotea moja kwa moja.

Hivyo ndivyo inavyoipata Helios kwenye Nikon, ila kwa vipimo vidogo zaidi. Kwa lenzi ya milimita 58, safari nzima ya fokasi kutoka upeo wa macho hadi mtu aliye mita tatu na ushei ni takriban milimita 1 tu. Kina cha Nikon kinaizidi Zenit kwa milimita 1.04. Yaani kabla hujagusa pete, kila kilicho mbali kuliko mtu huyo kimeshaliwa. Na adapta yenyewe ina unene: ikiongeza milimita 1 nyingine, mpaka unashuka chini ya mita 2. Hesabu hizi ni za kanuni rahisi ya lenzi nyembamba, na Helios ina vioo sita, kwa hiyo zichukue kama makadirio. Lakini anayejaribu kwa mkono hufika humo humo.

Kamera yenye kina kifupi haina shida hiyo. Meza fupi hutiwa matofali chini ya miguu. Ndefu inataka msumeno, na hakuna anayetaka kukata kamera. Sony ina 18, Helios inataka 45.46, basi unaweka bomba la milimita 27.46 katikati na kazi imekwisha. Ndiyo maana hata enzi za DSLR watu wa Canon za DSLR, ambazo mdomo wake wa EF una kina cha 44, walikuwa wakitumia M42 kwa raha: milimita 1.46 zinatosha pete nyembamba, ingawa lenzi chache zilikuwa na makalio marefu yaliyogongwa na kioo cha kamera. Kioo hicho ndicho kilichofanya kamera nyingi za aina ile ziwe na kina cha arubaini na kitu. Kilipoondolewa, kuanzia Panasonic G1 ya mwaka 2008, nafasi ikabaki wazi, na lenzi za umri wa miaka sitini zikapata pa kuishi. Nikon ndiyo imegeuka zaidi: mdomo wake wa Z wa mwaka 2018 una kina cha 16, kifupi kiasi kwamba hata lenzi za Sony E huingia humo kwa adapta ya milimita 2.

Kuhusu adapta, tia kidole ndani yake. Kinatokea upande wa pili. Hakuna kioo, kwa hiyo hakuna cha kuharibu picha. Unachonunua ni hewa iliyopimwa. Upimaji ndio wenye thamani. Watengenezaji wengi huikata fupi kidogo ili upeo wa macho usikose kufikika hata lenzi ikiwa na hitilafu. Ikipungua milimita 0.1, Helios itafokasi mlima pete ikiwa karibu na mita 34 badala ya ∞, jambo ambalo hulioni. Lenzi pana ya milimita 20 itaufokasi mlima huo huo pete ikisoma mita 4, na hapo namba zilizochorwa kwenye pete hazina maana tena. Zipo pia adapta zenye kioo, zilizotengenezwa kwa ajili ya Nikon hasa. Mlima unarudi, lakini picha inakuzwa kidogo na hulegea, zaidi tundu la lenzi la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa.

Mengine ni madogo. Kamera haitajua kuna lenzi, kwa hiyo itabidi uiruhusu kwenye menyu ipige picha bila lenzi. Tundu unalifunga kwa mkono: Helios 44-2 ina pete mbili, moja ya kuchagua kipimo, nyingine ya kufungua ili ufokasi na kufunga ili upige. Kama kamera yako ina kitulizaji cha mtikisiko kwenye sensa, iandikie 58 mwenyewe.

Na sensa ndogo haiigeuzi lenzi kuwa milimita 87, kama inavyosemwa. Inakata kingo tu. Kwa Helios hili lina uzito, kwa sababu sifa yake kubwa, ile mandhari ya nyuma inayoonekana kuzunguka kama kimbunga, inakaa kwenye kingo hasa. Huko mwili wa lenzi hukata sehemu ya mwanga, vidoa vya duara vinakuwa kama ndimu, na vyote vinalala kuuzunguka mhimili wa katikati. Sensa ndogo huvitupa vingi. Kiasi cha kimbunga hubadilika pia kwa umbali wa majani yaliyo nyuma ya mtu, kwa hiyo picha mbili za mtandaoni hazitoshi kuhukumu lenzi. Anayekitaka kimbunga chote atafute sensa ya ukubwa wa filamu, aache tundu kwenye f/2, yaani wazi kabisa, na amsimamishe mtu wake mita chache mbele ya mti wenye majani yanayopitisha jua.