Ukiacha sigara mwili utaongezeka: tuzipime kilo hizo kwa haki

Mwezi wa nne tangu aache sigara, mgumu mmoja wa Kilimanjaro alirudi kliniki yetu hapa Moshi akiwa amekasirika. Wagumu ndio wale vijana wanaobeba mizigo ya wageni mlimani. Hakuja na homa wala kikohozi. Alikuja na suruali. Aliishika kiunoni, akanionyesha kifungo kisichofika kwenye tundu lake, akasema, "Daktari, uliniambia nitapata afya. Hukuniambia nitanenepa." Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amenunua sigara mbili dukani kwa Mangi, akazimaliza zote kabla hajafika nyumbani.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Sisi wataalamu tumezoea kumhesabia mtu faida za kuacha sigara, na hili la uzito tunalipitia juu juu kwa kuhofia kwamba tukilitaja atakata tamaa. Basi mtu analigundua mwenyewe mbele ya kioo, na dawa pekee anayoijua ya kurudisha mwili wake ni ile ile aliyoiacha. Ndiyo maana leo naanzia hapo.

Walio wengi huongezeka. Mtu anayeacha sigara bila kutumia dawa yoyote huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu ya kilo hizo huingia katika miezi 3 ya mwanzo. Wastani nao huficha mengi. Karibu mtu 1 kati ya 6 hupungua badala ya kuongezeka, na karibu 1 kati ya 8 huongezeka zaidi ya kilo 10. Mgumu wetu alikuwa katikati kabisa: kilo 64 mwezi Februari alipoacha, kilo 69 mwezi Juni aliporudi kwangu.

Kilo hizo zina sababu zinazoeleweka. Nikotini huuendesha mwili kwa kasi isiyo yake. Moyo hupiga haraka, na nishati huungua zaidi hata ukiwa umekaa tu kibarazani. Kwa anayevuta pakiti moja kwa siku, ziada hiyo hukadiriwa kufikia kalori 200 hivi. Nikotini hiyo hiyo huizima njaa. Siku ukiacha, vyote viwili vinaondoka kwa pamoja. Kisha ulimi na pua vinaamka. Mtori uliokuwa unaumeza ilimradi tumbo lijae unaanza kuwa mtamu, na bakuli la pili linajileta lenyewe. Na mkono uliozoea kwenda mdomoni mara 100 na zaidi kwa siku haukubali kukaa bure. Unatafuta pipi, karanga, andazi.

Kwa mgumu wetu kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria, mimi nikiwa wa kwanza. Aliacha sigara mwishoni mwa mwezi wa pili. Baada ya hapo yakaja masika, wageni wakapungua, na kwa miezi miwili na zaidi hakupanda mlima hata mara moja. Mtu aliyezoea kupandisha kilo 20 begani kwa siku sita mfululizo alikuwa amekaa nyumbani akila kama yuko kazini. Nilipomuuliza mwaka uliotangulia alikuwaje masika yakiisha, alicheka kidogo akasema hata mwaka jana suruali ilimbana. Sigara ilikuwa inabebeshwa sifa isiyo yake.

Sasa tuweke vitu viwili hivi kwenye mizani.

Upande mmoja, kilo 5. Mgumu huyu ana urefu wa mita 1.70. Akiwa na kilo 64, uwiano wa uzito na urefu wake ulikuwa 22. Akiwa na kilo 69 ni karibu 24. Uzito unaanza kuhesabiwa umezidi kwenye 25. Kwa hiyo alichoongeza kilimharibia suruali na hakikumgusa afya. Hali si hiyo kwa kila mtu. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 70 tayari yuko kwenye 27, na kilo 5 zitamsogeza hadi 29, jirani kabisa na unene uliokithiri. Huyo nitamfuatilia kwa karibu zaidi, nitampima presha na sukari. Lakini hata yeye sitamwambia aendelee kuvuta.

Upande wa pili kuna sigara. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Nchini Uingereza madaktari wanaume walianza kufuatiliwa mwaka 1951, wavutaji na wasiovuta, na matokeo ya miaka 50 yalichapishwa mwaka 2004: wavutaji wa maisha yote walikufa mapema kwa takriban miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Aliyeacha na miaka 40 alipata 9, wa miaka 50 alipata 6, na hata wa miaka 60 alipata 3. Mzee wa miaka 60 anaponiambia "mwanangu, kwangu jua limeshazama", huwa namtajia miaka hiyo 3. Katika miaka 3 mjukuu anaanza shule.

Kuna wanaouliza: sawa, lakini faida hiyo si italiwa na unene? Swali hili lilipimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 160,000 kwa miaka mingi, ulikuta kwamba walioacha na wakaongezeka sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, kuliko walioendelea kuvuta, kwa miaka kadhaa. Hatari hiyo ilifika kileleni kati ya mwaka wa 5 na wa 7, kisha ikashuka. Ambao uzito wao haukuongezeka hawakuwa na ongezeko hilo. Hii ni habari ya kweli na siifichi. Lakini watafiti hao hao walipohesabu vifo, hata walioongezeka zaidi ya kilo 10 walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa chini ya nusu ya ile ya walioendelea kuvuta. Sukari inapimwa, inafuatiliwa, ina dawa. Mshipa wa moyo ukiziba saa nane za usiku, wewe uko Rombo na hospitali kubwa iko Moshi mjini, habari ni nyingine.

Isitoshe, sigara haikulindi na kitambi kama watu wanavyodhani. Ukichukua watu wawili wenye uzito sawa, mvutaji huwa na mafuta mengi zaidi tumboni, na hayo ndiyo mafuta mabaya. Wavutaji hupata kisukari zaidi ya wasiovuta. Ule wembamba wa mvutaji, miguu myembamba na tumbo lililotangulia mbele, tumeuzoea mno mitaani hata tukadhani ni umbo la mtu tu.

Mlimani kuna hesabu ya ziada. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa, inayoua watu msimu wa baridi. Gesi hii hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu, oksijeni unayoivuta kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mgumu anayevuta sigara kambini Kibo kabla ya kupanda anajipunguzia tena kile kidogo kilichobaki. Habari njema ni kwamba gesi hiyo huisha mwilini ndani ya siku moja au mbili. Mgumu wetu mwenyewe alikuwa ameliona hilo katika safari yake ya mwisho kabla ya mvua, wiki moja tu baada ya kuacha, ila hakuwa amelihesabu kama faida.

Na tupo karibu na Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu enzi za mkoloni. Mvutaji ana hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili ya asiyevuta. Vijana wanaotoka mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani, waliokwisha kuvuta vumbi la mawe, wasiongeze na hili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu kutafuta njia ya katikati: "Nimepunguza, navuta moja asubuhi ili mwili usinizidi." Kwa moyo hesabu haiko hivyo. Sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo mvutaji wa 20. Na kwa kuwa madukani sigara huuzwa moja moja, hiyo moja iko jirani siku zote.

Kosa la pili ni kuacha sigara na kujinyima chakula kwa wakati mmoja. Njaa kali na arosto ya sigara vikikutana katika wiki moja, mtu anashindwa vyote. Ushauri wangu ni kwamba wiki 4 za mwanzo kazi iwe moja tu, usivute. Kilo moja au mbili zikija, ziache zije. Hamu ya sigara ikipanda huwa inakaa dakika chache, kisha inashuka yenyewe. Kunywa maji, tafuna karoti au tango au bigijii isiyo na sukari, toka nje utembee hadi barabarani na kurudi. Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Hasira na usingizi mbaya hupungua sana ndani ya mwezi, ila njaa huchelewa kuondoka, hivyo usishangae ikikufuata hadi mwezi wa tatu.

Halafu kahawa. Hapa kwetu kahawa na sigara ni ndugu, na kijiweni kikombe kimoja huita kingine. Moshi wa sigara hulifanya ini liharakishe kuiondoa kafeini mwilini. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vile vile ulivyovizoea vinaacha kafeini karibu mara mbili kwenye damu. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, hapati usingizi, halafu anasema "kuacha sigara kunaniumiza". Mara nyingi kinachomuumiza ni kahawa. Punguza vikombe nusu tangu siku ya kwanza, na ukiweza kaa kijiwe kingine kwa wiki chache. Bia na mbege nazo zisubiri. Zinaleta kalori, na zinalegeza lile "hapana" ulilojiwekea.

Mwezi wa pili ndipo tunaanza kuzungumza chakula, na sihitaji mtu ale asichokijua. Endelea na ndizi, ugali, maharage na mboga zako. Punguza kipimo cha wanga kwenye sahani, ongeza mnafu au sukuma wiki mahali pake. Kinachowanenepesha wengi ninaowaona ni vya katikati: andazi la saa nne, chipsi mayai ya jioni, na soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Kuiacha hiyo moja na kutembea haraka nusu saa kwa siku kunatosha kuzifidia zile kalori 200 za nikotini. Asiye na muda wa mazoezi ashuke daladala vituo viwili kabla.

Zipo pia dawa. Bigijii na bandiko za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Hupunguza arosto, na kwa muda unaozitumia huchelewesha uzito kuongezeka. Muulize mfamasia au daktari. Mwenye kisukari, presha au mimba asianze dawa yoyote bila kuonana nasi kwanza.

Neno kwa wanawake wanaovuta. Hapa kwetu ni wachache kuliko wanaume, na wengi huvuta kwa kujificha, kwa hiyo huacha kwa kujificha pia, bila mtu wa kuwatia moyo. Wengine wameniambia walianza kuvuta ili wasinenepe baada ya kujifungua. Dada yangu, njoo. Kliniki hatumtii mtu aibu.

Mgumu wetu nilimwambia sigara zile mbili hazijafuta miezi minne, aanze upya jioni ile ile. Mwezi wa saba kazi ikarudi, akapanda mara tatu ndani ya wiki tano. Alipokuja mwezi wa tisa mizani ilisoma kilo 67. Nikamuuliza kuhusu suruali. Alikuwa ameipeleka kwa fundi cherehani Mbuyuni, ikaachiwa kiunoni.