Sumaku haizipi chembe nishati, jamani

Nimekutana tena na mtu kaandika eti kwenye makundi ya galaksi "sumaku inazisukuma elektroni mpaka zinakaribia kasi ya mwanga". Hapana! Kani ya sumaku siku zote inakaa pembe mraba na mwendo wa elektroni, inaipindisha njia tu, nishati haiongezi hata kidogo. Na uga wenyewe wa sumaku ni mikrogausi chache (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga, mikro ni sehemu ya milioni), dhaifu kama mara laki moja kuliko wa Dunia.

Anayelipa nishati hiyo ni msukosuko, yaani gesi kuvurugika. Makundi mawili yakigongana, gesi yenye joto la nyuzi milioni mia hivi inavurugika, na uga wa sumaku umenasa humo humo unabebwa nayo. Sasa uga unaotembea ni habari nyingine, maana unazaa uga wa umeme, na umeme ndo unafanya kazi. Elektroni ikikutana na uga unaoijia inatoka na nishati zaidi, ikiufukuzia unaoikimbia inapoteza. Hapo watu wananiambia basi si zinafutana, mi nasema hazifutani, ukitembea barabarani unaopishana nao si ni wengi kuliko unaowapita? Faida inayobaki ni ndogo mno, inaenda na mraba wa kasi ya msukosuko kwa ile ya mwanga, mwanafizikia Fermi alishalieleza 1949. Mwaka 2016 setilaiti ya Hitomi ilipima msukosuko katikati ya kundi la galaksi la Perseus ikapata kasi ya kilomita 164 kwa sekunde, mwanga ni 300,000, piga mraba uone. Ndo maana kazi hii ni ya mamilioni ya miaka.

Mawimbi ya mshtuko yanaongeza nishati haraka zaidi, ila hayo yanaeleza zile tao zinazotoa mawimbi ya redio pembezoni mwa makundi. Wingu la redio la kundi la Coma, yaani eneo ambalo elektroni hizi zinatoa mawimbi ya redio, lina upana wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 3, na elektroni zake zinaishiwa nishati ndani ya miaka milioni 100 hivi, haziwezi kusambaa kote kutoka sehemu moja, lazima ziongezewe nishati hapo hapo zilipo.

Kuna sehemu vitabu vinaruka. Msukosuko hauwezi kuinua elektroni baridi, unahitaji zilizokwisha kupata nishati, na zimetoka wapi bado tunabishana. Halafu kiasi cha msukosuko kinachoishia kwa elektroni, kwenye modeli nyingi, tunakipachika sisi.

Kinachonifanya nisimame upande huu ni kundi la galaksi la Abell 521, ambalo wingu lake la redio lilitangazwa 2008: linang'aa kwenye masafa ya chini ya redio, ukipanda masafa ya juu linafifia haraka sana, na injini dhaifu kama msukosuko ndivyo inavyotakiwa kuonekana.