Retikulosaiti: kuisoma kazi ya uboho kwenye tone la damu

Fomu ya maabara ikirudi na HB (himoglobini, kibeba oksijeni cha damu) 6.1, kila mtu anaitazama namba hiyo. Mimi hutafuta nyingine: retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, ni asilimia ngapi? HB ni mahindi yaliyomo ghalani, retikulosaiti ni kama shamba bado linazaa. Wagonjwa wawili wenye HB ileile, mmoja uboho wake unachapa kazi na mwingine umelala, hawaugui kitu kimoja hata wakikaa benchi moja.

Tuanze ndani ya mfupa. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu karibu kila mfupa. Akikua, mifupa mirefu hujaa mafuta, na kazi ya kutengeneza damu hubaki kwenye nyonga, pingili za mgongo, mbavu, kidari, fuvu na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Ndiyo maana sindano ya kuchukua uboho kwa mtu mzima huchomwa nyuma ya nyonga.

Humo seli shina, chache mno, huzaa koo mbili. Ukoo wa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, nauacha, maana sehemu yake kubwa hukomalia nje ya uboho. Ukoo wa pili hutoa nutrofili (chembe nyeupe pia), chembe sahani za kugandisha damu, na chembe nyekundu. Nutrofili hukomaa kwa siku kadhaa, kiini chake kikijikunja na kujigawa vipande, kisha hukaa kwenye damu kwa saa tu. Chembe sahani zina kioja chake: seli mama yake, megakariosaiti, huongeza DNA mara nyingi bila kugawanyika, inakuwa jitu, halafu hupenyeza mikono yake kwenye mishipa midogo na kumeguka. Moja hutoa chembe sahani elfu moja hadi elfu kadhaa.

Chembe nyekundu huanza kama proerithroblasti: seli kubwa, kiini cha duara, na ukiipaka rangi ya Giemsa utaona saitoplazimu ya bluu nzito kwa sababu imejaa RNA. Hugawanyika mara 3 hadi 5, kila mara ikipungua ukubwa, na bluu ikigeuka kijivu kisha waridi kadiri himoglobini inavyojaa. Mwisho kiini husinyaa na kutemwa, na makrofaji, seli mla-mabaki iliyokaa katikati ya kundi, hukimeza. Kinachobaki ndiyo retikulosaiti: haina kiini, ila ina masalia ya RNA. Hukaa kwenye uboho siku moja au mbili, halafu huingia kwenye damu, na baada ya siku moja hivi RNA imekwisha.

Hapo ndipo hesabu inapotoka. Chembe nyekundu huishi siku 120, na uchanga wake huonekana kwa siku 1 tu. Basi katika kila 120 tutegemee changa 1, karibu asilimia 1. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa mtu mzima ni kama chembe bilioni 200 kila siku.

Anayeamrisha kazi hiyo ni figo. Oksijeni ikipungua, figo hutoa erithropoietini, nayo huzuia seli changa za nyekundu zisife kabla ya kukomaa. Huku kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na wenyeji huwa na HB ya juu kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataka tuondoe gramu 1.1 kwenye HB iliyopimwa kati ya mita 1,500 na 1,999 kabla ya kuilinganisha na kiwango. Mwanamke asiye mjamzito mwenye 12.4 akiwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, yuko salama. Mwenye 12.4 aliyezoea kuishi Mbeya mjini anahesabiwa 11.3, chini ya 12, yaani ana upungufu wa damu. Wengi tunamruhusu aende zake.

Sasa kuhesabu. Pindua taratibu chupa ya kifuniko cha zambarau mara 8 hadi 10, kwa sababu retikulosaiti ni nyepesi na huelea juu. Asiyechanganya huhesabu uongo. Weka matone 2 ya damu na matone 2 ya rangi ya metilini bluu mpya, acha kwenye nyuzi joto 37 kwa dakika 15 hadi 20, changanya tena, kisha vuta slaidi nyembamba. Usitie methanoli kabla: rangi hii hufanya kazi chembe zikiwa hai, na ukizikausha kwanza, nyuzi za bluu za RNA zinazoitambulisha retikulosaiti hazitokei. Hesabu chembe nyekundu 1,000 kwa lenzi ya 100 na mafuta, uone ngapi zina nyuzi hizo.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni rangi isiyochujwa: chenga zake hukaa juu ya chembe na kujifanya retikulosaiti. Zungusha skrubu ya fokasi. Chenga huonekana kwa kina tofauti na chembe. La pili ni baridi. Asubuhi ya Julai, Mbeya au Njombe, meza ya maabara haina joto la chumba linaloandikwa kwenye maelekezo, na rangi iliyoachwa mezani hushika vibaya. Tumia inkubeta au maji ya moto yaliyopimwa, si makadirio.

Asilimia ghafi hudanganya. Chukua retikulosaiti asilimia 6, hematokriti (asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu) 18. Inaonekana uboho unajitahidi. Zidisha 6 kwa 18, gawa kwa 45, hematokriti ya kawaida: unapata 2.4. Halafu, kwa kuwa mwenye damu kidogo hutoa chembe kabla ya wakati na hukaa na uchanga wake siku nyingi zaidi, gawa tena kwa 2: inabaki 1.2. Chini ya 2 kwa mtu mwenye upungufu maana yake uboho haujajibu. Ikizidi 3, uboho unafanya kazi na damu inapotea au inavunjwa mahali.

Uboho usiojibu una sababu zake. Malaria kali huukandamiza, hivyo retikulosaiti hupanda siku kadhaa baada ya dawa. Pombe, ulanzi ikiwemo, huudhuru na kufanya chembe nyekundu ziwe kubwa kuliko kawaida. Zidovudini, dawa ya VVU, nayo huongeza ukubwa wa chembe, kwa hiyo usikimbilie kulaumu upungufu wa vitamini B12. Kirusi cha parvovairasi B19 husimamisha uzalishaji kwa siku 7 hadi 10: mwenye afya hupoteza chini ya asilimia kumi ya chembe zake, hata hajui. Mwenye selimundu, ambaye chembe zake huishi siku 10 hadi 20, anaweza kupoteza nusu au zaidi.

Kwa upungufu wa madini chuma, retikulosaiti huanza kupanda siku ya 3 hadi 5 ya vidonge na kufika kilele siku ya 7 hadi 10. Zisipopanda, muulize kuhusu chai. Mufindi na Rungwe chai iko mezani mchana na jioni, na tanini zake hushika chuma tumboni. Mwache anywe, ila saa moja au zaidi kabla au baada ya kidonge.

Na kama sampuli inasafiri na basi kutoka Makete, andika saa ilipotolewa. Retikulosaiti huendelea kukomaa ndani ya chupa, na ya jana yenye asilimia 4 inaweza kusomeka 2 leo.