Je, wajua kwa nini zimwi la Frankenstein ni bubu kwenye muvi na kitabuni linaongea kama wakili?

Mtajie mtu yeyote hapa Amu (Lamu) jina Frankenstein, hata kama hajawahi kuona muvi yenyewe, atakwambia ni lile jitu la kijani, kichwa bapa juu, vyuma viwili shingoni, linaburuza miguu na kuguna. Barazani Mkunguni mtu akitokea asubuhi nywele zimesimama na hajanawa uso, hilo ndilo jina atakalopewa. Sasa shida ni kwamba karibu vyote hivyo havimo kwenye kitabu chenyewe, riwaya ya Mary Shelley.

Tuanze na jina manake ndilo linaloleta ubishi. Frankenstein si zimwi, ni kijana aliyelitengeneza, Victor Frankenstein, na wala si daktari, alikuwa mwanafunzi tu wa chuo kikuu huko Ingolstadt, Ujerumani. Zimwi lenyewe halina jina toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Haya, rangi: kitabuni ngozi ni ya manjano, nyembamba mpaka misuli na mishipa inakaribia kuonekana, nywele ndefu nyeusi zinang'aa, meno meupe pee, urefu futi 8. Vile vyuma vya shingoni ni kazi ya Jack Pierce, fundi wa mekapu wa muvi ya 1931, na hiyo kijani usiulize, muvi yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Radi ya kulitia uhai juu ya mnara nayo haimo, mwandishi anagusia cheche akapita, na Victor anakataa kata kata kutoa siri asije mtu akamuiga. Na yule msaidizi kibiongo anayeiba ubongo mbovu? Hayumo, Victor alifanya kazi peke yake, chumba cha juu, mlango umefungwa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni huo ububu. Kuna wanaosema ati ni kwa sababu zamani muvi zilikuwa hazina sauti. Hapana. 1931 sinema zilishaanza kuongea, na kwenye muvi hiyo hiyo, iliyoongozwa na James Whale, kila mtu anaongea, Frankenstein mwenyewe (wamembadilisha jina la kwanza, ni Henry) anapiga kelele mpaka koo linamkauka. Aliyenyimwa maneno ni zimwi peke yake, lililochezwa na Boris Karloff.

Kitabuni hali ni kinyume kabisa. Mary Shelley alianza kukiandika 1816 akiwa na miaka 18, karibu na Geneva, kikatoka London 1818 bila jina lake. Ukishika toleo la 1831, sura ya 11 hadi ya 16 ni zimwi linaongea, sura 6 nzima, na linaongea hasa, linajenga hoja, linalaumu, linabembeleza. Limejifunzia wapi? Lilijificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja ya Kifaransa, akina De Lacey, likawa linachungulia kwenye ufa. Ndani kijana Felix anamfundisha lugha mchumba wake Safie, binti wa Kiarabu, na zimwi nje linaiba somo, tena linajisifu kwamba lilishika haraka kumshinda Safie. Baadaye likaokota vitabu likasoma Milton, Plutarch na Goethe. Sijui wangapi kati yetu tumemaliza hao watatu.

Basi kwa nini lizibwe mdomo? Hapa ndipo penye utamu.

Nyumba ya kale ya Amu haikuachi uone ndani ukiwa mlangoni. Kuna daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ukivuka kuna tekani, kiukumbi cha ndani ya mlango, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, ndio ufike msana, ukumbi wa wenyeji, na njia imepindwa makusudi ili jicho la mgeni lisiwafikie wenyeji. Kwa hiyo mgeni anapiga hodi akiwa dakani na aliye ndani anamsikia kabla hajamuona: huyu mtu mzima, huyu ana adabu, huyu ana haraka, huyu Mpate, mtu wa kisiwa cha Pate, kwa lahaja yake. Akishaambiwa karibu ndio uso unafika, na wakati huo mwenye nyumba ameshaamua nusu ya mambo. Mary Shelley alijenga kitabu chake namna hiyo. Dakani yuko nahodha Walton anamwandikia dadake barua kutoka kwenye barafu za kaskazini, tekani yuko Victor anamsimulia Walton, na ndani kabisa zimwi linamsimulia Victor. Linapofika kujieleza, msomaji anapokea sauti tu.

Na mwandishi alijua anachofanya. Sura ya 10, juu ya barafu karibu na mlima Mont Blanc, Victor anafoka kwamba hawezi kulitazama, na zimwi linanyoosha mikono linamfunika macho, kwamba haya, nimekuondolea uso unaouchukia, sasa sikiliza. Halafu kwa akina De Lacey wote wanaliona wanazimia, wanakimbia au wanashika fimbo, isipokuwa mzee mmoja aliyeongea nalo vizuri, na mzee huyo ni kipofu.

Ila tusizidishe, Victor alishatueleza uso huo sura ya 5. Lakini kuelezwa kwa mistari kadhaa si sawa na kukodolewa macho saa nzima, na kamera haina daka. Whale hakujaribu hata kuficha, alifanya kinyume: zimwi linaingia kinyumenyume, tunaona mgongo, linageuka taratibu, halafu picha inaruka karibu, inaruka karibu zaidi, uso umejaa skrini. Baada ya hapo hotuba ya kurasa sitini ingesaidia nini? Karloff akapewa macho na mikono afanyie kazi, na kwa maoni yangu alifanya kazi nzuri mno, ile sehemu analetwa kwenye mwanga na kuunyooshea mikono kama anataka kuushika inauma bila neno moja.

Isitoshe Whale hakuanzisha yeye. Jukwaa la London lilishalifanya zimwi bubu 1823, muziki na ishara tu, na kwenye tangazo la waigizaji mahali pa jina la zimwi palichorwa vistari. Mary Shelley alienda kutazama na hivyo vistari vikamfurahisha. Muvi ya 1931 ikaweka alama ya kuuliza mwanzoni palipotakiwa jina la Karloff.

Muvi iliyofuata, 1935, zimwi likaanza kutamka maneno machache, mkate, mvinyo, rafiki, na anayelifundisha ni mzee kipofu anayeishi msituni! Karloff hakupenda, aliona ni kosa kulifanya liseme. Robert De Niro alipolicheza 1994 aliongea vizuri tu, lakini uso mzima ni mishono, na mimi nusu ya maneno yalinipita nikihesabu nyuzi. Kitabu hakina hakimiliki tena, Kiingereza chake kinashushwa bure mtandaoni, na asiye na subira na barua za Walton anaweza kuruka moja kwa moja mpaka ile sura ya 10.