Paka juu ya sinthesaiza: yasemwayo na yaliyo kweli

"Paka hupanda kinanda kwa kuwa anapenda muziki."
Anapenda joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39, na huona raha zaidi mahali penye nyuzi 30 kwenda juu. Nairobi ya Julai haimpi hilo. Sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, ikiwashwa hushika vuguvugu, hasa upande wenye pawa saplai, sehemu inayokilisha umeme. Tena pana harufu ya mikono yako, na kila akikanyaga kibonye unageuka kumtazama. Hata Fatso, paka wa ile video maarufu ya Keyboard Cat iliyorekodiwa Marekani mwaka 1984, anayeonekana akipiga kinanda, hakuwa mpigaji: alivishwa shati, na mwenye paka akaisogeza miguu yake kwa mikono iliyofichwa chini ya nguo.

"Ili picha ya paka juu ya kinanda itoke, mshikilie."
Ukimshikilia atajinasua, na kucha zitapita juu ya vibonye. Washa chombo kwa nusu saa kipate joto, kisha kizime na uchomoe plagi. Tandika leso uliyokwisha kuivaa. Omena wawili watatu waliochemshwa bila chumvi wawekwe kando, si juu ya vibonye, maana mafuta yao hunata na kudaka vumbi. Akishatulia, vuta leso polepole. Piga picha karibu na dirisha asubuhi, kamera ikiwa kimo cha macho yake. Flashi moja haimpofushi, ila humshtua, na macho hutoka yaking'aa kijani kwa sababu nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga. Stendi ya umbo la X isahau: paka wa kilo 4 akirukia ncha moja, kinanda huyumba na huenda kikaanguka naye. Meza au sakafu inatosha.

"Manyoya ni ya kupangusa tu."
Hili ndilo linalowapa mafundi kazi. Chini ya vibonye kuna ukanda wa mpira wenye vidoti vya kaboni, vinavyogusa bodi kibonye kinapobonyezwa. Kwenye vinanda vingi vinavyotambua nguvu ya kidole, kila kibonye kina miguso miwili, na chombo hupima muda kati ya wa kwanza na wa pili. Unywele mmoja ukikaa kwenye mguso mmoja, noti hunyamaza, au hulipuka kwa sauti ya juu hata ukigusa taratibu. Watu hudhani bodi imeungua.

Tiba yake: fungua kasha, inua ukanda wa mpira, pangusa vidoti na bodi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha acha vikauke kabisa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usisugue kwa msasa. Utaondoa kaboni yenyewe na kibonye hakitarudi. Fada, zile swichi za kuteleza, ziko hatarini zaidi kwa kuwa nafasi yake iko wazi juu. Baada ya picha, funika chombo. Kitambaa cha mia mbili ni nafuu kuliko fundi.

"Kikizimwa hakuna hatari."
Waya wa adapta upande wa kinanda hubeba volti chache, mara nyingi 9 au 12. Upande wa ukutani ni 240, na paka mchanga hutafuna waya bila kuuliza ni upi. Zima swichi ya soketi, kisha chomoa.

"Chombo chochote kinafaa."
Ngoma na nyatiti zina ngozi ya mnyama yenye harufu, na paka huipiga kucha kama anavyofanya kwenye kochi. Mkwaruzo mdogo kwenye ngozi iliyokazwa huweza kuwa ufa. Theremini, chombo cha umeme chenye antena, nayo hulia bila kuguswa: mwili wa paka ukikaribia antena hubadilisha noti, kwa hiyo izime, la sivyo mlio utamfukuza kabla hujabonyeza kamera.

"Akikojoa, anika juani."
Mkojo una chumvi na urea, na huendelea kula shaba ya bodi hata ukikauka. Chomoa umeme papo hapo, usijaribu kuwasha, simamisha chombo kichuruzike, kisha kipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo kifunguliwe na kuoshwa.