Paa la nyumba ya Mombasa: bati, msumari na chumvi ya bahari

Kila mwaka masika yanapokaribia, kitengo chetu cha ushauri wa ujenzi huulizwa swali moja kwa namna nyingi: bati gani ni zuri? Swali ni la haki, ila limeanzia katikati. Mwenye nyumba huuliza rangi, umbo na bei, na ni nadra kuuliza bati hilo litashikiliwa na nini, au kishikizo hicho kitadumu miaka mingapi katika hewa ya pwani. Katika mapaa mengi tuliyoyakagua baada ya kung'olewa na upepo, bati lenyewe lilikuwa bado zima. Kilichokuwa kimekufa ni msumari.

Mwaka mmoja, usiku wa mwezi wa Mei, bibi mmoja wa Likoni alipoteza mabati matatu ya baraza yake, nyumba ikiwa umbali wa kutupa jiwe kutoka ufuoni. Nilipofika asubuhi aliniambia, "Mwanangu, bati hili halijatimiza miaka sita, na fundi aliniapia kwamba litanizika." Nikapanda ngazi. Juu, bati lilikuwa linang'aa, lina rangi yake ya kijani karibu kama lilivyotoka dukani. Chini, pale upenuni, upande usioonekana na mpita njia, lilikuwa limebadilika kuwa la kahawia na likivunjika magamba kwa kucha. Nilishika kichwa cha msumari mmoja kwa vidole viwili, bila koleo, kikabaki mkononi. Mwili wake ulikuwa umeliwa hadi kuwa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Tundu lake kwenye bati lilikuwa limepanuka na kuwa la umbo la yai, kwa sababu bati lilikuwa likichezacheza kila kusi ikivuma. Upepo wa usiku ule ulimalizia tu kazi iliyoanzwa na chumvi zamani.

Ndiyo maana mtu anayejenga Mombasa hana budi kuanza na chumvi. Mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba na ufuoni, matone madogo mno hubaki hewani na kubebwa na upepo hadi nchi kavu, hasa majira ya kusi, ambapo upepo hutoka kusini-mashariki moja kwa moja baharini. Chumvi hiyo hutua juu ya kila kitu na kuvuta unyevu wa hewa, kiasi kwamba chuma hubaki na utando wa majimaji hata siku ambayo hakuna tone la mvua. Juu ya paa mvua huiosha. Chini ya upenu, kwenye maungio ambapo bati moja limelala juu ya jingine, na ndani ya baraza lililo wazi, mvua haifiki, na chumvi hurundikana msimu baada ya msimu. Mwenye nyumba anayetaka kujua afya ya paa lake basi asilitazame kutoka barabarani. Asimame chini ya upenu atazame juu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 huyagawa mazingira kulingana na kasi ya ulaji wa metali. Katika daraja la C4, linalojumuisha maeneo mengi ya pwani yenye chumvi ya wastani, zinki hupungua kati ya mikroni 2.1 na 4.2 kwa mwaka. Katika daraja la C5, penye chumvi nyingi, hupungua kati ya 4.2 na 8.4. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa lichukue bati lililopakwa gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Zinki yake ni kama mikroni 7 kila upande, na kando ya bahari yenye mawimbi makali inaweza kumalizika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Bati la gramu 275 lina takriban mikroni 19, yaani karibu mara tatu. Yote mawili hung'aa sawa dukani, na muuzaji asiyeulizwa hatakueleza tofauti yake. Rangi iliyopakwa kiwandani husaidia sana, lakini kinga hiyo hukatika kwenye ncha zilizokatwa na kwenye kila tundu la msumari, na huko ndiko kutu huanzia.

Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, pendekezo langu ni bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini ikiwa asilimia 55, lenye gramu 150 kwa mita ya mraba na rangi ya kiwandani juu yake. Unene wa mpako huo ni karibu sawa na ule wa gramu 275 za zinki tupu, lakini kwa kawaida katika hewa ya bahari huliwa polepole zaidi. Bati la alumini tupu ni bora kuliko yote mawili kwa upande wa kutu, ingawa bei yake humfukuza mteja kabla hajamaliza kuulizia. Kwa wanaotilia shaka wanachouziwa, sumaku ndogo ya mfukoni inatosha: haishiki alumini tupu, ila hushika bati la chuma lolote, hata lililopakwa alumini na zinki.

Kuhusu geji, yaani namba ya unene wa bati, wengi bado hukanganyikiwa kwa sababu hesabu yake ni ya kinyume: namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Geji 28 ni kama milimita 0.4, na geji 30 ni kama milimita 0.3. Geji 32, inayopendwa kwa bei yake, hupasuka kwa urahisi kwenye vichwa vya misumari inapovutwa na upepo, nami sioni kwa nini iezeke nyumba ya kuishi mahali popote pwani. Omba lipimwe kwa maikromita mbele yako, na uhakikishe bati lina alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Isome dhamana kabla ya kulipa, kwa kuwa dhamana nyingi za mabati zina kifungu cha umbali kutoka baharini, na mtu wa Nyali au Shanzu anaweza kukuta kwamba ile miaka iliyotangazwa kwa maandishi makubwa haimhusu.

Sasa upepo. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huvizungusha vimbunga, ni dhaifu. Kwa hiyo kimbunga kamili ni nadra kwetu kuliko Msumbiji au Madagaska. Nadra si sawa na kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi. Aprili 1952 kingine kilifika Lindi. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua kisiwani Mafia, kikiwa kimedhoofika. Lakini mapaa mengi ya Mombasa hayahitaji kimbunga ili yaondoke. Hung'olewa na dhoruba za ghafla za masika na vuli na upepo mkali wa kusi, ule ambao Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari yake unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani karibu mita 13 kwa sekunde.

Tufanye hesabu ndogo. Upepo wa mita 13 kwa sekunde una shinikizo la takriban kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 28 lenye urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 80 lina uzito usiofika kilo 10, na upepo huo unaweza kulivuta juu kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Kwa upepo wa mita 30 kwa sekunde, bati hilo hilo huvutwa kwa zaidi ya kilo 130, na kwenye pembe, kingo na kilele cha paa mvuto huzidi hapo. Uzito wa bati, kwa hiyo, haulizuii kwa lolote. Linazuiwa na vishikizo peke yake.

Vishikizo hivyo ni mnyororo, na fundi lazima aufuate hadi chini: bati hushikwa kwenye pao (ubao mwembamba wa kupigilia bati), pao kwenye kombamoyo (mbao ya mwinamo), kombamoyo kwenye mtambaapanya (mbao iliyolazwa juu ya ukuta), na mtambaapanya kwenye ukuta. Nimeona paa lililofungwa kwa skrubu nzuri za bei ghali likiruka zima zima pamoja na mbao zake, kwa sababu mtambaapanya ulikuwa umelazwa tu juu ya mawe na kuzungushiwa saruji kidogo. Kwenye kila makutano ya kombamoyo na mtambaapanya pafungwe mkanda wa chuma uliopakwa zinki, upite juu ya mbao na kupigiliwa pande zote mbili, nao mtambaapanya ufungwe kwa nondo au boliti zilizozamishwa kwenye linta, ule ukanda wa zege juu ya kuta, kabla zege halijakauka. Gharama ya mikanda hiyo kwa nyumba nzima ni ndogo, na bado ndicho kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti, kwa kuwa hakuna mgeni atakayekisifu.

Bati lenyewe lifungwe kwa skrubu zenye mpira, zilizopakwa kinga ya mazingira ya bahari, badala ya misumari ya kofia. Msumari wa kawaida hutoka taratibu jinsi mbao inavyovimba na kusinyaa. Skrubu ipigwe kwenye mgongo wa bati, pasipopita maji, na ikazwe hadi mpira ukae sawa. Ukiwa umebanwa mno hupasuka kwa jua. Mita ya kwanza kutoka kwenye kingo zote, pamoja na kilele, iwe na skrubu nyingi kuliko katikati. Fundi anayepiga kwa nafasi ile ile paa zima huwa anaokoa skrubu pale upepo unapouma zaidi.

Umbo la paa nalo lina sauti. Paa lenye mianguko minne huukabili upepo vizuri kuliko la mianguko miwili, ambalo kuta zake za pembe tatu hupigwa moja kwa moja, na paa lililolala sana huvutwa juu kuliko lenye mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Pwani tunahitaji kivuli, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu aondoe baraza. Ninachoshauri ni paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa mabati ya nyumba. Upepo ukiliinua baraza, liondoke bila kuuvuta upenu wa chumba cha kulala.

Makuti ni hadithi nyingine, nami nayapenda. Makuti ya viungo yaliyopangwa kwa kubanana, kwenye mwinamo mkali wa nyuzi 40 au zaidi, huteremsha maji na kupitisha hewa, hupunguza shinikizo kwa kuwa yana upenyo, na hayajui kutu. Lakini huisha baada ya miaka michache na kuhitaji kuezekwa upya, na moto mmoja wa jikoni unaweza kuruka kutoka paa hadi paa mtaani. Yafaa kwenye banda lililojitenga lenye nafasi kulizunguka.

Vigae vya udongo, ambavyo zamani vililetwa kwa meli kutoka Mangalore, huvumilia chumvi na bado viko juu ya majengo ya kale ya pwani. Vya saruji huwa na uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara kumi ya bati, kwa hiyo asiviweke mtu juu ya mbao zilizokusudiwa mabati bila mhandisi kuzipima. Paa la zege halirushwi na upepo, ila nondo zake huliwa vilevile na chumvi, hasa pale fundi alipochanganya mchanga wa ufuoni usiooshwa.

Mwenye nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa asbesto asiitoboe, asiikate wala asiipasue. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari, na kazi ya kuiondoa ni ya waliopewa kibali na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Maji yake ya mvua yasikingwe kwa kunywa.

Wakati mzuri wa kuezeka ni Januari na Februari, mvua zikiwa mbali. Siku ya kazi, mkataze fundi kukata bati kwa grainda juu ya paa. Cheche zake ni chembe za chuma moto zinazojichomeka kwenye rangi, na baada ya wiki chache kila chembe huwa doa la kutu. Mkasi wa bati hauna madhara hayo. Ncha zilizokatwa zipakwe rangi ya kinga. Bomba la shaba la kiyoyozi lisidondoshe maji juu ya mabati, kwa kuwa maji yaliyopita kwenye shaba hula zinki na alumini haraka. Na kabla ya malipo ya mwisho, panda ngazi wewe mwenyewe, au mtume kijana wako, ukague mikanda kwenye kila kombamoyo kabla dari haijafunika kila kitu.